Nyayo za mbwa zimekuwa ngumu na zinapasuka: ni ugonjwa wa kurithi au ni kitu kingine?

Umegeuza mguu wa mbwa wako ukakuta vile vijinyama vya chini ya unyayo vimekuwa vinene, vikavu, vimepasuka magaga, pembeni vimeota vitu vyenye ncha kama gome la mti, na ushapaka mafuta ya mgando mpaka kopo limeisha na hamna kilichobadilika. Kabla hujanunua krimu nyingine naomba ujibu maswali matatu: ilianza mbwa akiwa na umri gani, iko kwenye miguu mingapi, na mwili uliobaki ukoje. Hayo matatu yana thamani kuliko dawa yoyote utakayouziwa dukani, kwa sababu nyayo ngumu ni dalili tu, na inaletwa na vitu vingi ambavyo havifanani kabisa. Vingine vinaisha ukibadilisha chakula, vingine vinaua mbwa ndani ya wiki chache, na kimoja mbwa kazaliwa nacho na atakufa nacho uzeeni akiwa na furaha zake zote, mradi tu umjulie kumhudumia.

Hicho cha kuzaliwa nacho ndo hasa nataka tukiongelee kwa kirefu manake hakijulikani sana kwetu na mbwa wengi wanateseka kwa kutibiwa fangasi ambayo hawana. Ila ili ukifikie lazima uyapite mengine kwanza, kwahiyo twende dalili kwa dalili.

Mguu mmoja tu, au kidole kimoja tu

Hapa ugonjwa wa kurithi uweke pembeni. Hitilafu ya kurithi iko kwenye kila seli ya ngozi, haiwezi kuchagua mguu wa kushoto wa mbele ikaiacha mingine. Ukiona mguu mmoja tafuta kitu cha pale pale: mwiba, kipande cha chupa, kupe aliyejificha katikati ya vidole, kidonda cha zamani kilichopona vibaya. Na kwa sisi wa huku Afrika Mashariki, cheki funza. Utaona kidoti cheusi katikati ya kauvimbe keupe, mara nyingi pembeni ya kijinyama au karibu na kucha, mbwa analamba na kutafuna hapo muda wote. Akiwa nao wengi unyayo wote unavimba na kuwa mgumu, mtu akiangalia kwa haraka anadhani ni sugu. Banda la udongo mkavu wenye vumbi ndo kwao, kwahiyo ukimtibu mbwa ukaliacha banda wanarudi wiki ijayo, na watoto wako wanaocheza hapo nao wanawapata.

Kuna pia sugu za mbwa wembamba wa mbio, Greyhound na ndugu zake, kinakuwa kiduara kigumu katikati ya kijinyama, mbwa anachechemea akikanyaga kokoto ila kwenye majani anatembea freshi. Hiyo ni ishu yake peke yake, na inahitaji dokta wa mifugo, usiichimbue na wembe.

Miguu yote, nyayo zinawasha, mbwa analamba na kutafuna

Kuwashwa ni alama kubwa sana. Ugonjwa wa kurithi wa nyayo wenyewe hauwashi, unauma tu pale nyufa zinapofunguka. Mbwa anayetafuna miguu usiku kucha mwanzo fikiria safura, aleji, upele wa ngozi au fangasi. Safura wale minyoo wanapenya kwenye ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, nyayo zinakuwa nyekundu, zinavimba, zikikaa muda mrefu zinakuwa laini sehemu moja na ngumu sehemu nyingine, kucha nazo zinaharibika. Dawa ya minyoo kwa ratiba na kuondoa kinyesi kila siku kunabadilisha kila kitu. Afu hao viwavi wa safura wanaingia hata kwenye ngozi ya binadamu anayetembea peku, kwahiyo usilichukulie poa.

Hapo hapo angalia unasafishia banda kwa nini. Dawa kali za kuulia wadudu, chokaa mbichi, sabuni ambayo haijasuuzwa vizuri, vyote vinaunguza nyayo na zikijaribu kupona zinapona kwa kunenepa. Na lami ya saa nane mchana inababua kabisa, kijinyama kinatoka ngozi kama kimechubuliwa, ila hiyo inatokea kwa siku moja na utajua tu.

Na kama kuna mtu kakwambia upake oili chafu ya gari, tafadhali usipake. Najua inafanyika sana kwa mbwa wenye upele. Ile oili ina metali na sumu nyingine, mbwa anailamba, inaingia mwilini, na ngozi iliyopasuka inaipokea haraka zaidi.

Mtoto wa mbwa au mbwa kijana, nyayo ngumu, na anaumwa

Hapa usisubiri. Kama nyayo na pua vimekuwa vigumu na mbwa huyo huyo ana matongo machoni, makamasi, anakohoa, anaharisha, amepoa, au wiki kadhaa zilizopita alikuwa na hayo akaonekana kama kapona, basi distempa iko juu kabisa kwenye orodha. Virusi vyake vinaingia mpaka kwenye seli za ngozi ya nyayo na kuzifanya zitengeneze tabaka gumu kupita kiasi, na mara nyingi nyayo zinakuja kubadilika baada ya zile dalili za kifua na tumbo. Kinachofuata kwa baadhi yao ni mishipa ya fahamu: misuli inarukaruka, taya linatafuna hewa, degedege. Ukiona hivyo mtenge na mbwa wengine na mpeleke leo. Chanjo ipo na inazuia, watoto wanaanza wakiwa na wiki 6 mpaka 8 na wanarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wavuke wiki 16. Wanaodhani distempa ni ugonjwa mdogo wa vijibwa wakumbuke Serengeti mwaka 1994, virusi hivyo hivyo viliua karibu theluthi ya simba wa pale.

Mtoto wa mbwa, hana homa, ila amedumaa na ngozi ina magamba mdomoni na kwenye viwiko

Hii naiweka peke yake kwa sababu ya vyakula vyetu. Mbwa anayekua haraka, tuseme German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, analishwa uji wa dona au pumba na dagaa kidogo kila siku. Maganda ya mahindi yana kitu kinaitwa faiteti ambacho kinashika madini ya zinki tumboni yasifyonzwe, na kalisiamu ikizidi nayo inazuia zinki hiyo hiyo. Sasa mwenye mbwa anaona mtoto haendi vizuri anamuongezea unga wa mifupa au vidonge vya kalisiamu, na tatizo linazidi. Nyayo zinanenepa na kupasuka, kunakuwa na magamba kuzunguka mdomo, macho na kwenye viwiko, manyoya yanafifia.

Tofauti yake na ugonjwa wa kurithi ni hayo magamba ya sehemu nyingine na kudumaa kwenyewe, halafu hii inapona. Ukimuweka kwenye chakula kamili cha watoto wa mbwa, au ukaongeza nyama na ukapunguza pumba, ukaacha kalisiamu ya ziada, ndani ya wiki chache utaona ngozi mpya. Usimpe vidonge vya zinki kwa kukadiria we mwenyewe, zinki ikizidi inapasua seli nyekundu za damu. Dokta ndo apime uzito na aamue. Kwa Husky na Malamute kuna aina nyingine ya tatizo hili la zinki ambayo iko kwenye damu ya mbari (aina ya mbwa) yenyewe, hata wakila chakula kizuri linawapata, na wengi wanahitaji zinki maisha yao yote.

Mbwa mzee, pua nayo imekuwa ngumu

Mbwa alikuwa mzima miaka yote, sasa ana miaka tisa kumi, pua imekauka na nyayo zimeota vinyuzi vigumu pembeni. Mara nyingi huo ni uzee tu, ngozi inatengeneza keratini, yaani protini yake ngumu, kuliko inavyoimwaga. Unalainisha, unapunguza, maisha yanaendelea. Ila mbwa mzee ambaye nyayo zina vidonda na maganda yanayouma sana, kapungua uzito, anakunywa maji mengi, huyo apimwe damu na ini liangaliwe, kwa sababu kuna ugonjwa wa ini na wa kongosho ambao unajionyesha kwenye nyayo kabla ya sehemu nyingine.

Maganda na usaha, masikio na uso pia

Kama kuna vipele vya usaha vinavyokauka kuwa maganda ya njano, kwenye pua, ndani ya masikio, kuzunguka macho na kwenye nyayo, dokta atafikiria magonjwa ambayo kinga ya mwili inaishambulia ngozi yenyewe, maarufu zaidi ni pemfigasi. Unaweza kukuta iko kwenye nyayo peke yake. Hii haitambuliki kwa macho, inataka kipande cha ngozi kipelekwe maabara. Na wenzetu mnaoishi Ulaya, kama mbwa wenu mmemtoa Hispania, Italia au Ugiriki, mwambieni dokta, kwa sababu lishimaniasisi inayosambazwa na usubi wa mchanga inaweza kuja na ngozi ngumu ya nyayo na kucha ndefu za ajabu.

Sasa huyu: kijana, miguu yote minne, vijinyama vyote, na mwili uliobaki mzima kabisa

Hapa ndo penyewe. Mtoto anazaliwa na nyayo laini za kawaida, anakua vizuri, anacheza, anakula. Akifika kama miezi minne mpaka sita, nyayo zinaanza kubadilika. Kwa mbwa wa Irish Terrier na Kromfohrländer dalili za kwanza zinaonekana kati ya wiki ya 18 na ya 24. Kwa Dogue de Bordeaux, wale wenye vichwa vikubwa na makunyanzi, inaweza kuanza mapema zaidi, hata akiwa na miezi miwili na nusu, au ikachelewa mpaka karibu mwaka. Vijinyama vyote vinahusika, kidogo cha kila kidole na kile kikubwa cha katikati, miguu ya mbele na ya nyuma. Mwanzo ni ukavu, halafu unene, halafu pembeni zinatokeza ncha ngumu, halafu nyufa. Nyufa zikiwa ndefu zinafika kwenye nyama hai, damu inatoka, bakteria wanaingia, mbwa anaanza kuchechemea au anakataa kutembea kwenye sakafu ngumu. Irish Terrier na Kromfohrländer wenye tatizo hili kucha zao nazo zinakua haraka na zinakuwa ngumu, na Kromfohrländer wagonjwa manyoya yao ni laini kuliko inavyotakiwa kwa mbari yao, wafugaji wazoefu wanaligundua kwenye manyoya kabla hawajageuza mguu.

Jina la kitaalamu ni haipakeratosisi ya kurithi ya nyayo. Keratini ni ile protini ngumu inayotengeneza kucha, pembe na tabaka la juu la ngozi. Kawaida seli za chini zinazaliwa, zinapanda juu, zinajaa keratini, zinakufa, zinamomonyoka. Kwa mbwa hawa hesabu ya kutengeneza na kumomonyoka haikai sawa, kwahiyo zinarundikana. Na kwa nini nyayo tu? Kwa sababu nyayo ndo ngozi inayobeba uzito wa mbwa na kusuguliwa siku nzima, na ina protini zake maalumu za kuhimili huo mzigo.

Hitilafu zenyewe zinajulikana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walionyesha kwamba Kromfohrländer na Irish Terrier wagonjwa wana badiliko moja lile lile kwenye jeni ya FAM83G, herufi moja tu ya DNA imebadilika na protini inayotoka haifanyi kazi yake. Mwaka 2015 timu ya Ufaransa ikaja na ya Dogue de Bordeaux, na hiyo ni jeni tofauti kabisa, KRT16, ambayo inatengeneza keratini ya sehemu zenye msuguano. Hata binadamu wenye hitilafu kwenye jeni ya KRT16 wanapata sugu nene zinazouma kwenye nyayo. Naleta majina haya ya jeni kwa sababu yana matumizi, utaona kwenye kipimo.

Hauambukizi. Mbwa mwenzake hawezi kuupata, wewe huwezi kuupata, mto wa kulalia hauna kosa.

Usichanganye na ndugu zake wa karibu. Labrador kijana wa miezi sita mpaka mwaka mwenye maganda ya kijivu juu ya pua lakini nyayo zake ziko sawa ana ugonjwa mwingine wa kurithi, wa pua. Golden Retriever anayemwaga mba mweupe mwili mzima ana ikthiosisi, na nyayo zake mara nyingi hazina shida. Cavalier King Charles aliyezaliwa na manyoya ya ajabu yaliyosokotana na macho makavu, kisha nyayo zikawa ngumu alivyokua, ana tatizo lake la jeni jingine ambalo ni zito kuliko haya yote.

Kliniki waombe nini

Nenda na picha za simu za tarehe tofauti, dokta akiona mwendo wa ugonjwa anaokoa muda. Kama unaweza kupata taarifa za ndugu wa uzao mmoja na wazazi, hizo nazo beba. Kitu cha kwanza kitakuwa kukwangua ngozi kidogo na kuangalia kwenye hadubini kama kuna wadudu wa upele, fangasi na bakteria. Ni kipimo rahisi na kinaondoa nusu ya mashaka. Akiona bado, anaweza kukata kipande kidogo cha kijinyama, kwa ganzi au usingizi, kipelekwe kwa mtaalamu wa kusoma tishu. Majibu ya ugonjwa wa kurithi yatasema kuna tabaka kubwa sana la keratini, ngozi ya chini imenenepa, hakuna ushahidi wa kinga kujishambulia. Sitamani kila mbwa akatwe unyayo, kidonda cha pale kinachelewa kupona kwa sababu mbwa anakikanyaga, kwahiyo kama umri, miguu minne, afya nzuri na mbari vinakubaliana, na kipimo cha DNA kipo kwa mbari hiyo, mi ningeanza na DNA.

Kipimo cha DNA ni kijiti cha pamba unachosugulia ndani ya shavu la mbwa, au damu kidogo, kinatumwa maabara. Maabara kadhaa za Ulaya zinafanya. Mbwa asile kwa muda kabla ya kusugua, na watoto wanaonyonya watenge na mama kwanza ili usije ukapeleka DNA ya mama. Na hapa ndo yale majina ya jeni yanapokuwa na kazi: ukimpima Bordeaux kwa FAM83G majibu yatakuja safi na hayatakuwa na maana yoyote, kwa sababu tatizo la mbari yake liko kwenye KRT16. Ukimpima mbwa wetu wa kienyeji au Boerboel kwa hizo zote mbili ukapata safi, hilo halisemi hana ugonjwa wa kurithi, linasema tu hana hizo mbili. Mbwa wa namna hiyo utategemea umri, miguu, historia ya ndugu, na kuondoa mengine yote niliyoyataja juu.

Kumhudumia

Dawa ya kuponya haipo, jeni haibadilishwi na krimu. Kinachowezekana, na kinafanya kazi kweli, ni kuzuia nyufa. Mbwa mwenye nyayo nene zisizopasuka anatembea, anakimbia, analinda, anaishi miaka yake. Mbwa mwenye nyufa anateseka. Kwahiyo lengo lako usilipeleke kwenye kupata nyayo nzuri za picha, lipeleke kwenye nyayo zisizofunguka.

Kazi ina hatua tatu na mpangilio una maana: lainisha, punguza, funika unyevu ndani. Unaloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi hivi, au kama mbwa hataki beseni unafunga vitambaa vilivyolowa. Ukiruka hapa ukaanza kupunguza kavu utapasua zaidi. Zikishalainika unachukua tupa ya kucha au ya miguu, ile ya saluni inafaa, unasugua zile ncha na kingo zilizozidi, kidogo kidogo, upande mmoja. Ncha ndefu sana dokta anazikata kwa mkasi au kisu chake, na akukatie mara ya kwanza uone mwenyewe mwisho wa kilichokufa uko wapi. Wembe nyumbani hapana. Ukiona rangi ya waridi au mbwa anashtuka umeshavuka, acha. Kisha unakausha katikati ya vidole vizuri, unyevu ukibaki pale fangasi inakuja kweli, na unapaka.

Cha kupaka: mafuta ya mgando ya kawaida yanashikilia unyevu na ni bei rahisi, sina ubaya nayo, watu wanakosea kuyapaka juu ya gamba kavu ambalo halijalowekwa. Krimu za urea zinafanya kazi mbili, zinavuta maji na zinalegeza keratini. Zenye asidi ya salisiliki zinamomonyoa, ila hizo usipake kwenye ufa uliofunguka, zinachoma, na usipake nyingi, mbwa akizilamba zinamuumiza tumbo. Kwa wale wagumu kabisa madaktari wa ngozi wanatumia propilini glaikoli ya asilimia 50, unalowekea nyayo kila siku mwanzoni, halafu zikishalainika mnapunguza kwa ratiba atakayokupa. Kama nyumbani una paka hiyo usiiache wazi, ikiingia tumboni kwa paka inaharibu damu yake. Ukishapaka mvalishe mbwa soksi za mtoto nusu saa, mpe mfupa au cheza naye asilambe, halafu mvue. Asilale nazo, mbwa anatoa jasho kwenye nyayo na soksi za usiku kucha zinabaki na unyevu.

Mwanzoni utafanya karibu kila siku, ikitulia mara mbili tatu kwa wiki, na huo ndo mtindo wa maisha yake yote. Wiki tatu ukiacha zinarudi. Ni ngumu kuisikia hiyo ila ni bora uijue leo kuliko uhangaike kubadilisha madaktari.

Kucha zikate mara kwa mara kuliko mbwa wengine, kucha ndefu inamfanya akanyage vibaya na mzigo unahamia kwenye sehemu ya unyayo yenye nyufa. Banda la zege lenye kokoto zilizochomoza mtandikie mkeka au godoro, na mazoezi yake yawe kwenye majani au udongo laini, asubuhi na jioni.

Ufa ukifunguka osha na maji yenye klorheksidini hafifu (dawa ya kuua vijidudu kwenye kidonda), kausha, funga kwa bandeji isiyobana na badilisha kila siku. Ukinuka, ukitoa usaha, mguu ukivimba au mbwa akigoma kukanyaga, huyo anahitaji dokta na huenda antibayotiki, na usijichagulie mwenyewe kwenye duka la dawa. Kwa joto letu kuna hatari nyingine: inzi. Wanataga kwenye ufa wenye damu na ndani ya siku moja mbili kuna mabuu ya inzi ndani ya nyama. Mbwa anayelala nje na ana ufa wazi alale ndani mpaka ufunge.

Na maumivu. Tafadhali sana usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamo ya nyumbani. Tumbo linatoboka, figo na ini vinaharibika, na mbwa aliyekuja kliniki kwa magaga anakufa kwa dawa ya maumivu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, dokta anazo.

Kuzalisha

Hitilafu zote mbili, ya FAM83G na ya KRT16, ni za kujificha. Mbwa anaumwa akipata nakala mbovu mbili, moja kwa baba moja kwa mama. Mwenye nakala moja ni mzima, nyayo safi, hakuna dokta atakayemgundua kwa macho, ila anabeba. Ukipandisha wabebaji wawili, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 25 kuumwa, 50 kuwa mbebaji, 25 kuwa safi kabisa. Uzao wa watoto nane unaweza ukatoa wagonjwa wawili, unaweza ukatoa wanne, unaweza usitoe hata mmoja na wewe ukadhani dume lako ni safi. Na kama umepata mgonjwa mmoja tu, maana yake baba na mama wote wawili wanabeba, hakuna cha kumlaumu jike peke yake. Ndugu zake walio wazima, kila mmoja ana nafasi mbili kwa tatu ya kuwa mbebaji.

Hizi hitilafu zinapata nguvu pale damu inapokuwa ndogo. Kromfohrländer wote wametokana na mbwa wachache sana waliozalishwa eneo la Siegen, Ujerumani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbari ikatambuliwa rasmi mwaka 1955. Nakala moja mbovu kwenye kundi dogo hivyo inakutana na mwenzake haraka. Sisi tunatengeneza hali hiyo hiyo tukimleta dume mmoja kutoka nje, kila mtu mjini anapandishia yeye, halafu miaka mitatu baadaye wajukuu wake wanapandishwa wao kwa wao kwa sababu wote wana karatasi nzuri. Baba na binti yake, kaka na dada, watu wanafanya na wanaita kusafisha damu. Kila hitilafu ya kujificha inatoka hapo, ya nyayo ikiwa moja tu.

Mbwa mgonjwa asizalishe. Mbebaji kwenye mbari ambayo kipimo chake kipo si lazima umhasi, akipandishwa na aliyepimwa na kukutwa safi hatatoa mgonjwa hata mmoja, ila watoto wapimwe kabla ya kuuzwa kama wa kuzalisha. Kwenye mbari ambayo kipimo hakipo, wazazi wa mgonjwa wasikutanishwe tena, na ukiwa mkweli zaidi utawaambia walionunua ndugu zake. Simu hiyo inaogopesha kwa sababu ya kurudishiwa mbwa, naelewa, lakini aliyenunua dada wa yule mgonjwa anapanga kumpandisha mwezi ujao na hajui.

Na wewe unayeenda kununua: mtoto wa wiki nane nyayo zake zitakuwa laini hata kama ana ugonjwa, kwahiyo kugeuza miguu yake hakutoshi. Omba uone mama, geuza miguu ya mama, uliza kama kuna uzao uliopita na mbwa wa uzao huo wako wapi, omba namba ya mmoja wa walionunua na umuulize nyayo za mbwa wake zilikuwaje alipofika miezi sita. Kwa Bordeaux, Irish Terrier au Kromfohrländer omba majibu ya maabara ya wazazi wote wawili, yenye jina la mbwa, namba ya chipu na jina la jeni iliyopimwa.